Karata Zisitaje Jina la Mtu: Taroti ya Picha za Ndotoni na Msomaji wa Arusha

Mjini Arusha, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, mtu akitandaza karata mbele ya mwenzake na kusema zina habari zake, mambo mawili huja kichwani haraka. La kwanza ni karata tatu, ule utapeli wa stendi na minadani unaoanza na kijana mchangamfu mwenye kipande cha boksi na kuishia na msafiri aliyeliwa nauli. La pili ni zito zaidi. Ni ramli chonganishi, ile inayomrudisha mtu nyumbani akiwa na jina la jirani, la shangazi au la mke mwenza, kwamba huyo ndiye chanzo cha msiba. Mhadhara huu unahusu karata za aina nyingine, yaani taroti, na hasa zile zilizochorwa kama vitu vya ndotoni. Lakini hauwezi kuzizungumzia kana kwamba hizo mbili za kwanza hazipo.

Pakiti kamili ya taroti ina karata 78. Karata 22 ni za picha kubwa zenye majina: Mpumbavu, Mfalme Mkuu, Kifo, Mwezi, Jua na nyinginezo. Zilizobaki 56 zimegawanyika katika mafungu manne, nayo ni vikombe, sarafu, magongo na panga. Mcheza karata wa pwani hapaswi kuyaona mafungu hayo kuwa mageni. Kopa, uru, pao na shupaza anazozitaja kila siku ni vikombe, dhahabu, magongo na panga vilivyoletwa na Wareno, ingawa kwenye karata anazoshika sasa kumechorwa moyo na maua. Mzee anayecheza barazani Pangani au Tanga anatamka majina ya mafungu ya taroti bila kuwa amewahi kuiona taroti.

Safari ya karata hizo ni ndefu. Katika jumba la makumbusho la Topkapı, Istanbul, kuna karata za Wamamluki wa Misri za karne ya 15, zilizochorwa kwa mkono, zenye vikombe, sarafu, panga na fimbo za mchezo wa polo. Waitaliano walipokea karata za namna hiyo, na kufikia mwaka 1440 zinatajwa Florence zikiwa zimeongezewa picha za ushindi. Hiyo ndiyo taroti ya kwanza, nayo ilikuwa mchezo wa mezani, wala haikuwa ya kutabiri. Mwanafalsafa Mwingereza Michael Dummett aliliandikia jambo hili kitabu kikubwa mwaka 1980, akaonyesha kwamba kwa zaidi ya miaka 300 watu waliitumia taroti kushindana na kupata pointi. Uaguzi ulishika kasi baada ya mwaka 1781, pale Mfaransa Antoine Court de Gébelin alipodai kwamba karata hizo ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Alidai hivyo miaka 41 kabla Champollion hajafumbua maandishi ya Kimisri. Hakuwa na njia ya kusoma hata ukuta mmoja wa hekalu, lakini dai lake linarudiwa hadi leo katika vijitabu vingi vinavyouzwa pamoja na karata. Anayenunua pakiti ya taroti na alijue hilo mapema.

Mtu aliyeigeuza taroti ikawa kama tunavyoijua leo alikuwa mwanamke, na jina lake lilisahauliwa kwa muda mrefu. Pamela Colman Smith alizaliwa London mwaka 1878, akaishi Jamaika utotoni, akazisikia huko hadithi za Anansi, buibui mjanja aliyevuka bahari pamoja na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Mwaka 1899 alichapisha hadithi hizo katika kitabu, na alikuwa akizisimulia mwenyewe mbele ya watu. Mwaka 1909 aliagizwa na mwandishi wa mambo ya siri, Arthur Edward Waite, kuchora karata zote 78. Kabla yake, karata nyingi za namba zilikuwa hesabu tu: vikombe vinane vilikuwa vikombe vinane. Pamela akaweka mtu na tendo katika karibu kila karata. Alifariki mwaka 1951 akiwa maskini, ingawa leo pakiti yake inauzwa duniani kote. Si ajabu kwamba msimulizi wa hadithi ndiye aliyeona kuwa karata bila kisa haimsemeshi mtu.

Kisha wakaja watu wa ndoto. Harakati ya usurealisti, iliyotangazwa Paris na André Breton mwaka 1924, ilitaka picha zitoke mahali ambapo akili haijaweka ulinzi. Majira ya baridi ya 1940 na 1941, kundi la wasanii hao lilikwama Marseille, kwenye nyumba ya Air-Bel, likisubiri viza za kuikimbia Ulaya iliyokuwa mikononi mwa Hitler. Wakati wakisubiri walichora pakiti mpya. Waliyaondoa mafungu ya zamani wakaweka mwali wa mapenzi, nyota ya ndoto, gurudumu la mapinduzi na kufuli la maarifa. Mfalme, malkia na mtumishi waliondolewa, nafasi zao zikachukuliwa na Kipaji, Nguva na Mjuzi wa mambo ya siri. Miongoni mwa wachoraji alikuwemo Wifredo Lam wa Kuba, mtu mwenye asili ya Kichina na ya Kiafrika, ambaye baadaye alizijaza turubai zake maumbo yenye pembe, midomo na miguu ya farasi. Ile haikuwa taroti kamili. Inatajwa hapa kwa sababu inaonyesha watu walio hatarini wakiamua wenyewe ni alama zipi zinazowafaa.

Leonora Carrington, Mwingereza aliyekimbilia Meksiko, alichora karata 22 kubwa katika miaka ya 1950 kwa rangi na majani membamba ya dhahabu na fedha. Umma ulizifahamu vizuri baada ya maonyesho ya Mexico City mwaka 2018. Mchoraji Mhispania Salvador Dalí naye aliombwa karata kwa ajili ya filamu ya James Bond ya mwaka 1973, *Live and Let Die*. Makubaliano yakavunjika, mchoraji mwingine akatumika, lakini Dalí aliendelea peke yake na pakiti yake yenye karata 78 ikatoka mwaka 1984. Alijichora mwenyewe kuwa Mchawi, na mkewe Gala kuwa Malkia Mkuu. Pakiti hizi mbili ni mifano mizuri ya kile kinachouzwa leo kwa jina la taroti ya ndotoni.

Je, mtu wa Arusha ana haja ya kwenda Paris au Meksiko ili azoee picha za namna hiyo? Hata kidogo. Katika maduka ya vinyago ya mjini na katika soko la Wamasai, kuna vinyago vya mpingo vinavyoitwa shetani: jicho moja limeng'ang'ania mgongoni, mkono unatokea mdomoni, tumbo limekuwa uso. Mtindo huo ni wa wachongaji wa Kimakonde, na Samaki Likankoa, aliyefanya kazi Dar es Salaam, anatajwa kuwa mwanzilishi wake katika miaka ya 1950. George Lilanga aliyehamishia viumbe hao kwenye rangi, wenye masikio makubwa na vidole vichache, alifariki mwaka 2005 akiwa anajulikana Ulaya na Marekani. Mtu aliyekua akiona kazi hizo hawezi kuambiwa kwamba Dalí ni mgumu kueleweka. Anacho tayari kipaji cha kutazama umbo lisilowezekana bila kutaka kulinyoosha.

Anao pia ujuzi mwingine uliomzunguka, nao ni ujuzi wa kuagua kwa kanuni. Chini ya Mlima Meru, Waarusha wamefuata kwa vizazi vingi mpangilio wa rika wa Wamasai wa Kisongo, na katika ulimwengu huo laiboni, yaani mwaguzi, ana nafasi yake. A. C. Hollis, ofisa wa kikoloni wa Kiingereza aliyechapisha kitabu kuhusu Wamasai mwaka 1905, aliandika njia nne za laiboni kuona mambo: mawe yanayomwagwa kutoka kwenye pembe, matumbo ya mbuzi aliyechinjwa, kulewa, na ndoto. Ukoo maarufu wa malaiboni, Inkidongi, umebeba jina la kibuyu chenyewe cha mawe. Mawe hayasomwi hovyo. Yanatikiswa, yanamwagwa, yanahesabiwa, na kila hesabu ina maana iliyorithiwa. Ramli ya pwani, ile ya kuchorwa mchangani, iko vivyo hivyo. Ina maumbo 16 ya nukta moja moja na mbili mbili, manne ya kwanza yanaitwa mama, na mengine yanazaliwa kutoka kwa hayo kwa hesabu ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuikagua. Mpiga ramli akikosea kujumlisha, mwenzake atamkamata.

Hapo ndipo taroti ya ndotoni inapoachana na mawe na mchanga, na hapo ndipo penye uzito wa mhadhara huu. Picha ya Carrington au Dalí haina hesabu ya kukaguliwa. Kadiri picha inavyozidi kuwa ngeni, ndivyo msomaji anavyopata uhuru wa kuijaza kwa mawazo yake mwenyewe. Uhuru huo ni mtamu unapohusu maisha ya aliyeuliza, lakini ni hatari kubwa unapohusu mtu ambaye hayupo chumbani kujitetea.

Wanasaikolojia wameupima utamu huo. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini ameandikiwa yeye peke yake. Wote walipewa karatasi zenye maneno yale yale, mengi aliyachukua kwenye kitabu cha unajimu cha kuuzwa mtaani. Walipoulizwa maelezo yanalingana nao kiasi gani, wastani wao ulizidi alama 4 kati ya 5. Kwa hiyo mtu akisema karata imemwambia ukweli kabisa, anasema kweli kuhusu hisia zake, ila hajathibitisha lolote kuhusu karata. Na kama anaweza kuliona jambo la kweli kumhusu yeye katika maneno ya jumla kiasi hicho, anaweza pia kumwona adui katika picha ya mwanamke mwenye macho mekundu.

Tanzania inalijua hilo kwa uchungu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa panga baada ya mpiga ramli kumtaja mmoja wao, wakati mwingine kwa sababu tu macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Watu wenye ualbino zaidi ya 70 waliuawa kuanzia mwaka 2000 hadi 2015 kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928 ingali katika vitabu vya sheria, na kumtangaza mtu kuwa mchawi kunaweza kumfikisha aliyemtangaza mahakamani. Hata utabiri unaotolewa hadharani na mtu mwenye jina unaweza kuutikisa umma: kuelekea uchaguzi wa 2010, mnajimu Sheikh Yahya Hussein alitabiri kifo cha ghafla kwa mwana-CCM ambaye angempinga Rais Kikwete ndani ya chama, na nchi nzima ikajadili. Ni vigumu kufikiria neno lenye kumfunga mtu mikono zaidi kuliko hilo.

Msomaji na aitazame sasa karata moja ya Dalí, kumi ya panga. Dalí ameweka humo kifo cha Kaizari. Kwa msomaji wa Kiswahili tukio hilo si la mbali, maana Mwalimu Nyerere alilitafsiri igizo la Shakespeare na *Juliasi Kaizari* ikasomwa mashuleni. Mtu aliyefilisika akipewa karata hiyo, swali la kwanza litakalomtoka linajulikana: Bruto wangu, yaani rafiki aliyenisaliti, ni nani? Msomaji mbaya hulijibu swali hilo. Huuliza kama aliyetiliwa shaka ni mweupe au mweusi, ni wa ukoo au wa kuja, hadi mteja mwenyewe amtaje shemeji yake na kuondoka akiamini karata ndiyo iliyomtaja. Msomaji mwema huligeuza swali: ni mapatano gani ulitia saini bila kuyasoma? Ni onyo gani ulipewa ukalipuuza? Na ikumbukwe kwamba katika igizo lile mtabiri alimwonya Kaizari kuhusu siku. Hakumtajia jina hata moja, ingawa waliokula njama walikuwa wengi.

Kuna wasikilizaji ambao hawatagusa karata hizi kabisa, na sababu yao ni ya kuheshimiwa. Sura ya 18 ya Kumbukumbu la Torati na aya ya 90 ya Surat al-Maida ziko wazi kuhusu uaguzi, na katika mitaa iliyozungukwa na makanisa ya Kilutheri na misikiti, wengi wanazishika. Mhadhara huu hauwaombi wabadili msimamo. Wanaoweza kunufaika nao ni wachoraji, washairi, walimu wa sanaa, na watu wanaotumia picha kujihoji kama wengine wanavyotumia shajara.

Anayetaka kununua pakiti asianze kwa kuangalia Kifo na Mwezi. Muuzaji huweka hizo juu kwa sababu zinavutia. Aangalie karata za namba, hasa tano, saba na nane, maana huko ndiko mchoraji mvivu hujulikana: amechora jicho linaloelea angani, kesho ameligeuza, keshokutwa amelipaka bluu. Picha ya ndotoni inayofaa kusomwa ina tendo. Kuna anayepanda, anayeficha, anayebeba, anayekataa. Pakiti isiyo na tendo hupendeza ukutani tu. Kwa anayeanza, karata 22 kama za Carrington zinatosha, na huenda ni bora kuliko 78. Karata ziwe za ukubwa unaowezekana kuchangwa kwa mikono ya mwenyewe, kwani nyingine zimechapwa kubwa kama bahasha. Nakala za bandia ni nyingi, na dalili zake ni rangi zilizofifia na jina la mchoraji kutokuwepo popote. Mchoraji asiyetajwa halipwi, kwa hiyo mnunuzi aziache nakala hizo. Zikishafika nyumbani zifungwe katika kitambaa, maana vumbi jepesi la volkano wakati wa kiangazi huingia kila mahali, kisha ukungu wa Juni na Julai huzipa karata unyevu.

Kijitabu kinachokuja nazo mara nyingi ni cha Kiingereza. Kisomwe, lakini kisitangulie. Njia inayofaa ni mtu kuwa na daftari lake la Kiswahili na kuandika kwanza anachokiona: rangi, mikono iko wapi, nani anatazama nani, kitu gani kimekosekana. Maana ije baadaye.

Mfano uchukuliwe kutoka kwa Pamela, kwa kuwa picha zake zinapatikana kwa urahisi. Nane ya vikombe inamwonyesha mtu mwenye vazi jekundu na fimbo, usiku, akielekea milimani. Nyuma yake ameacha vikombe vinane, vitano chini na vitatu juu, na safu ya juu ina pengo. Tuseme anayeitazama ni mwanaapolo aliyekaa Mererani miaka kadhaa akichimba tanzanite bila kupata jiwe la maana, naye anauliza kama arudi shambani Poli, kwenye miteremko ya Meru. Msomaji asimwambie arudi. Amwachie picha. Huenda atasema kwanza kwamba vikombe havijavunjika, na hilo litamshangaza, kwa sababu alidhani miaka yake imepotea bure. Huenda jicho lake likaenda kwenye lile pengo, akataja rafiki aliyefukiwa na kifusi. Huenda akaona mtu yule amevaa viatu na ameshika fimbo, yaani alijiandaa kabla ya kuondoka. Akifika hapo ameshasema mambo matatu ambayo hajawahi kumwambia mtu, na karata moja imetosha. Kuvuta ya pili ili kupata jibu zuri zaidi ni kuiharibu ya kwanza.

Karata ya ndotoni hufuata njia hiyo hiyo, ila hudai subira zaidi. Mtu akae nayo kimya, aruhusu kicheko au woga, ndipo aseme. Maswali kuhusu ugonjwa yapelekwe hospitali, ya wizi yapelekwe polisi, ya mirathi yapelekwe mahakamani. Swali lolote linaloanza na neno "nani" kumhusu mtu asiyekuwepo likataliwe hapo hapo, hata mteja akiwa amelipa, na fedha yake irudishwe.

Kinachobaki ni ombi kwa wasanii wa Arusha na Meru. Wachongaji wapo, wachoraji wa Tingatinga wapo, wachapaji wapo. Karata ya Mnara, inayoonyesha jengo likipigwa radi na watu wakianguka, ingeweza kuwa Mlima Meru wenyewe, uliobomoka ubavu wake wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita na kuacha ukuta wa mwamba unaoonekana hadi leo ukiwa upande wa Momella. Mpumbavu angeweza kuwa kijana aliyeshuka kwenye basi alfajiri na begi moja. Waanze na karata 22, wachore kwa ujasiri ule ule wa vinyago vya shetani, waweke majina yao kwenye kila boksi, na kijitabu chake kiandikwe kwa Kiswahili. Na katika ukurasa wa kwanza, kabla ya maana ya karata yoyote, waandike kwa herufi kubwa kwamba karata hizi hazimtaji mtu, na kwamba atakayezitumia kumtaja mtu amezitumia kinyume cha idhini ya waliozichora.